Uzi: Betri ya kihisi kisicho na waya imekwisha siku ya 21, hesabu ilisema miaka. Saketi ya umeme inakula wapi?

MkondoMdogo (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Ninaomba msaada wa mawazo kuhusu kifaa changu cha majaribio. Ni kihisi cha joto na unyevu kinachotuma vipimo kwa redio ya LoRa (ya masafa marefu na umeme kidogo) kila baada ya dakika 10. Bodi niliinunua ikiwa imekamilika: ina maikrokontrola (chipu inayoendesha programu), redio, soketi ya USB, chaja ya betri ya lithiamu na regulata ya volti 3.3, yaani chipu inayoshusha volteji ya betri na kuiweka thabiti. Nilichoongeza mimi ni kihisi chenyewe, pamoja na transista inayokikatia umeme wakati hakihitajiki. Betri ni ya seli moja, yenye uwezo wa miliampea-saa 1200.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Redio inapotuma hutumia miliampea 40 kwa milisekunde 60, na hilo hutokea mara moja katika sekunde 600, kwa hiyo wastani wake ni maikroampea 4. Maikrokontrola ikiwa usingizini hutumia maikroampea 2.5 kwa mujibu wa karatasi yake ya data, na vitu vingine vidogo nikavikadiria kuwa maikroampea 1.5. Jumla ni maikroampea 8, na ukigawanya 1200 kwa 0.008 unapata saa 150,000, yaani miaka 17. Sikuwa na wazimu wa kuiamini miaka 17, lakini nilitarajia walau miwili. Siku ya 21 kifaa kilinyamaza, na nilipopima betri niliikuta ikiwa na volti 3.4 huku ikiendelea kushuka.

Nimepitia programu mara nne na nina hakika kwamba maikrokontrola inalala. Je, inawezekana betri ni mbovu?

LehemuBaridi

Ndugu MkondoMdogo, karibu. Kabla ya kuilaumu betri, geuza hesabu yako juu chini. Siku 21 ni saa 504. Gawanya miliampea-saa 1200 kwa saa 504, utapata miliampea 2.4 hivi. Betri yako imetoa karibu kila kilichokuwamo, tena kwa uaminifu, ila umemkabidhi mlaji usiyemjua. Mlaji huyo si redio, kwa sababu redio inaamka kwa sehemu moja ya elfu kumi tu ya muda wote. Unamtafuta mtu anayekula miliampea mbili na ushee mchana na usiku bila kupumzika, na wa aina hiyo mara nyingi hukaa kwenye saketi ya umeme yenyewe.

Pima mkondo kati ya betri na bodi wakati kifaa kimelala. Hata hivyo, tahadhari moja kuhusu maltimita, kwa kuwa wengi wameumizwa nayo. Maltimita hupima mkondo kwa kuupitisha kwenye rezista ndogo iliyo ndani yake, na rezista hiyo hula volteji. Katika masafa ya maikroampea, mita nyingi hupoteza takribani milivolti 0.1 kwa kila maikroampea moja. Kifaa kikiwa kimelala na kutumia maikroampea 10, unapoteza milivolti moja tu na hakuna atakayejua. Redio ikiamka na kutaka miliampea 40, mita hiyo ingehitaji kula volti 4, yaani betri nzima. Kifaa kitazimika, kitajiwasha upya, kitajaribu kutuma tena, na wewe utabaki ukitazama tarakimu zinazorukaruka bila maana. Basi anza na masafa ya miliampea, na ukitaka kushuka hadi maikroampea, weka waya wa kuruka mita wakati wa kuwasha, kisha uutoe kifaa kikishalala.

MkondoMdogo

Nimefanya hivyo. Kifaa kikiwa kimelala kinatumia miliampea 2.3. Nimeduwaa, kwa sababu ni karibu mara mia tatu ya nilichokadiria, na sijui nianzie wapi kukata.

LehemuBaridi

Anzia na kinachoonekana kwa macho. Je, kuna taa ndogo inayowaka muda wote kuonyesha kwamba bodi ina umeme? Taa nyekundu hujichukulia volti 2 hivi, kwa hiyo kwenye reli ya volti 3.3 (njia inayogawa umeme wa regulata kwenye bodi) rezista inabeba volti 1.3. Ikiwa rezista hiyo ni ya kiloomu 1, mkondo ni miliampea 1.3, ambayo ni zaidi ya nusu ya hasara yako yote. Mtengenezaji aliiweka ili bodi ipendeze mezani, na mezani hakuna anayehesabu miliampea kwa kuwa waya wa USB unaleta za kutosha.

Mshukiwa wa pili ni chipu inayounganisha USB na maikrokontrola. Fuata njia zake za shaba uone kama inapata umeme kutoka soketi ya USB au kutoka reli ya volti 3.3. Ikiwa ni reli, basi inaendelea kula hata ukiwa umechomoa waya miezi iliyopita.

Wa tatu ni regulata. Hapa ndipo lilipo neno ambalo kila mwenye kifaa cha betri anapaswa kulijua: mkondo tulivu, yaani ule ambao regulata inautumia kwa ajili yake yenyewe hata kama haihudumii mzigo wowote. AMS1117, ambayo imejaa kwenye bodi nyingi za bei nafuu, hutumia takribani miliampea 5 kwa ajili ya nafsi yake. MCP1700 hufanya kazi inayofanana kwa mizigo midogo, nayo hutumia maikroampea 1.6 tu. Nje zinafanana, zina miguu mitatu, na volti 3.3 zile zile. Tofauti yao ni mara elfu tatu. Kwa kuwa jumla yako haifiki miliampea 5, ni dhahiri huna AMS1117, lakini soma maandishi yaliyo juu ya chipu hiyo.

Rezista47

Ninaongeza mshukiwa wa nne, ambaye husahaulika kwa sababu ni rezista mbili tu. Bodi nyingi hupima volteji ya betri kwa kuigawanya kwa rezista mbili, kisha nusu yake inasomwa na maikrokontrola. Ikiwa kila moja ni ya kiloomu 10, betri yenye volti 4 inavuja maikroampea 200 kupitia hapo daima, ilhali unahitaji kipimo hicho labda mara moja kwa siku. Zikiwa za megaomu 1 kila moja, uvujaji unashuka hadi maikroampea 2.

Wapo watakaokuambia kwamba rezista kubwa hivyo huharibu usomaji, na wana hoja. Kigeuzi cha analogi kwenda dijiti kina kapasita ndogo ndani yake ambayo inapaswa kujaa kwa haraka sana wakati wa kusoma, na megaomu haiwezi kuijaza kwa wakati. Dawa yake ni kapasita ya nanofaradi 100 kati ya sehemu ya kati ya rezista hizo na ardhi. Kapasita hiyo hukaa imejaa na kuimegea ile ndogo bila volteji kutikisika. Sharti ni kwamba usisome mfululizo, na kwa kifaa kinachoamka kila dakika 10 sharti hilo limetimia lenyewe.

MkondoMdogo

Wakuu, nimerudi na matokeo. Taa ilikuwa na rezista ya kiloomu 1 kama ilivyotabiriwa. Nimeing'oa na mkondo umeshuka hadi miliampea 1. Chipu ya USB kweli ilikuwa ikipata umeme kutoka reli ya volti 3.3, nimekata njia yake kwa kisu na miliampea 0.55 nyingine zimetoweka. Ninakiri kwamba sasa ninalazimika kuweka programu kupitia pini za nje, lakini sijutii. Rezista za kugawanya volteji zilikuwa za kiloomu 10 na 10, nami nimeziondoa kwa muda.

Kwa hesabu yangu nilipaswa kubaki na maikroampea 60 hivi, ambazo nyingi ni za regulata, kwa kuwa karatasi yake ya data inataja mkondo tulivu wa maikroampea 55. Badala yake mita inasoma maikroampea 240. Kuna maikroampea 180 ambazo sijui zinakwenda wapi, na kwenye bodi hakuna kilichobaki cha kukata.

PiniYaPembeni

Umesema umeweka transista ya kukikatia kihisi umeme. Tafadhali eleza imekaa upande gani, na rezista za kuvutia juu (zinazoinua nyaya hadi volteji ya reli zisipotumika) za njia mbili za I2C, yaani nyaya za mawasiliano kati ya kihisi na maikrokontrola, zimeunganishwa wapi.

MkondoMdogo

Transista iko upande wa chanya, inakata reli ya volti 3.3 isifike kwenye kihisi. Rezista za kuvutia juu ni za kiloomu 4.7, nazo zimeunganishwa kwenye reli kuu kwa sababu zilikuwa tayari kwenye bodi.

PiniYaPembeni

Basi mlaji wako ndiye huyo, na umemwingiza wewe mwenyewe kwa nia njema. Karibu kila pini ya chipu ina diodi ya ulinzi inayoelekea kwenye pini yake ya umeme, kazi yake ikiwa kuondosha umemetuli usiichome chipu. Unapokata umeme wa kihisi huku pini zake za I2C zikiwa bado zimevutwa juu hadi volti 3.3, mkondo unapita kwenye rezista za kiloomu 4.7, unaingia kwenye pini za mawasiliano, unavuka diodi na kutokea kwenye reli ya ndani ya kihisi. Umefunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi. Kihisi hakijazimika, kiko katika hali ya nusu uhai, kina volteji pungufu ambayo hakikuundwa kuifanyia kazi, na katika hali hiyo hakuna karatasi ya data inayokuahidi kitakula kiasi gani. Wakati mwingine hata kikirudishiwa umeme hakianzi vizuri, kwa kuwa hakikupata kuzimika kabisa.

Kuna njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kuhamisha rezista za kuvutia juu ziende upande wa kihisi, baada ya transista, ili zizimike pamoja nacho, na programu ihakikishe kwamba pini za maikrokontrola zinawekwa chini au zinaachwa bila kuendeshwa kabla ya kulala. Njia ya pili ndiyo ninayokushauri: ondoa transista kabisa. Vihisi vya kisasa vya joto na unyevu vinavyopima kwa kuombwa hutumia chini ya maikroampea 1 vikiwa vimetulia. Umejenga swichi ya kuokoa maikroampea moja isiyofika, nayo imekugharimu 180.

Swichi ya namna hiyo ina mahali pake, kwa mfano kwenye kihisi cha gesi chenye kipasha joto au kipokezi cha mahali cha setilaiti, ambavyo hula miliampea nyingi. Kwa kihisi chako haina kazi.

NusuVolti

Uzi mzuri. Ninaomba kuuliza jambo linalohusiana: kwa nini tunang'ang'ania regulata ya mstari? Inajulikana kwamba regulata ya mstari inageuza volteji iliyozidi kuwa joto, ilhali regulata ya kushusha yenye koili ina ufanisi wa asilimia 90. Isitoshe, TPS62740, ambayo ni regulata ya aina hiyo, ina mkondo tulivu wa nanoampea 360 tu, ambao ni mdogo hata kuliko wa MCP1700. Sioni sababu ya kutumia teknolojia ya zamani.

LehemuBaridi

Hoja yako ni ya kweli mahali fulani, na kwa kifaa hiki si kweli. Ufanisi wa regulata ya mstari, ukiweka pembeni mkondo tulivu, ni volteji inayotoka ikigawanywa kwa inayoingia. Betri ya lithiamu hukaa muda mwingi karibu na volti 3.7. Gawanya 3.3 kwa 3.7, utapata asilimia 89. Kwa hiyo regulata yako ya kisasa yenye koili inashindana na asilimia 89, na inakudai koili, kapasita za ziada, uchoraji makini wa bodi, pamoja na mawimbi madogo ya volteji ambayo hujitokeza inapofanya kazi kwa mipigo wakati mzigo ni mdogo. Mawimbi hayo huingia kwenye vipimo vya analogi, nami nimewahi kupoteza siku mbili nikidhani kihisi cha shinikizo kina kasoro kumbe ni koili iliyokuwa ikipumua jirani yake.

Picha inabadilika pale unapoamua kwamba reli yako haihitaji kuwa volti 3.3. Maikrokontrola nyingi za sasa zinafanya kazi hadi volti 1.8. Chukua mzigo wa miliampea 10 kwenye volti 1.8, ambao ni miliwati 18. Regulata ya mstari itachukua miliampea zile zile 10 kutoka betri, kwa sababu mkondo unaoingia ndio unaotoka. Regulata ya kushusha yenye ufanisi wa asilimia 90 itachukua miliwati 20, ambazo kwenye volti 3.7 ni miliampea 5.4. Hapo umeokoa karibu nusu, na koili imelipa kodi yake. Ila hakikisha kwanza kwamba kila kilichomo kwenye bodi, pamoja na redio ikiwa kwenye nguvu yake ya juu, kinakubali volteji hiyo.

WimbiFupi

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina kifaa kinachofanana na hiki, tofauti ni kwamba ninatumia ESP32, maikrokontrola yenye redio ya Wi-Fi ndani yake. Nimesoma ushauri wa MCP1700 nikaiweka haraka, na sasa kifaa kinajiwasha upya kila kinapotaka kuunganishwa. Kikiwa kimelala mkondo ni mzuri sana.

Rezista47

Ndugu, MCP1700 mwisho wake ni miliampea 250. ESP32 ikituma kwa Wi-Fi hufikia kilele cha miliampea 240 kwa redio peke yake, na mtengenezaji wake anapendekeza chanzo chenye uwezo wa miliampea 500 au zaidi. Umempa punda mmoja mzigo wa wawili. Vilevile, betri inapokaribia volti 3.5, regulata hiyo inabakiwa na nafasi ndogo sana, kwani kwenye miliampea 250 inahitaji takribani milivolti 180 kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ongeza upinzani wa ndani wa betri iliyochakaa, waya mwembamba na soketi iliyolegea, na volteji inaporomoka papo hapo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hesabu yako si hesabu ya mwanzisha uzi. Tuseme kuunganishwa na kutuma kunachukua sekunde 3 kwa wastani wa miliampea 100, kila baada ya dakika 10. Hiyo ni wastani wa maikroampea 500. Kwa betri ya 1200 unapata saa 2,400, yaani siku 100, na regulata yenye mkondo tulivu wa maikroampea 40 itakupunguzia siku saba au nane tu. Kwako wewe, chagua regulata inayobeba vilele bila kuyumba, kisha elekeza juhudi kwenye kupunguza zile sekunde 3. Weka anwani ya kudumu ili usisubiri kugawiwa, kumbuka chaneli ya mara ya mwisho, na ukusanye vipimo sita uvitume kwa pamoja mara moja kwa saa. Kutuma mara moja kwa saa badala ya mara sita kutakuletea muda zaidi kuliko chipu yoyote utakayolehemu.

MkondoMdogo

Nimeondoa transista ya kihisi na zile maikroampea 180 zimekwenda. Nimeweka MCP1700 mahali pa regulata ya awali, nikarudisha rezista za kugawanya volteji, safari hii megaomu 1 na megaomu 1 pamoja na kapasita ya nanofaradi 100. Mkondo wa usingizini sasa ni maikroampea 6.8.

Kwa kuwa mita yangu siiamini sana katika masafa hayo, nilithibitisha kwa njia ya kapasita. Nilijaza kapasita ya maikrofaradi 1000 hadi volti 3.9, nikaiacha iendeshe bodi iliyolala peke yake, nikapima muda wa kushuka hadi volti 3.6. Ilichukua sekunde 42. Maikrofaradi 1000 zikizidishwa kwa volti 0.3 na kugawanywa kwa sekunde 42 zinatoa maikroampea 7.1. Kabla ya hapo niliipima kapasita ikiwa peke yake ili kujua uvujaji wake, nikaona ni maikroampea 0.3, kwa hiyo namba zinakubaliana.

Sasa nina maswali mawili. Kwanza, je, nihamie kwenye regulata ya nanoampea 360 ili niokoe ile 1.2 iliyobaki? Pili, chaja ya bodi inapata joto kali sana, nami sijui kama ni kawaida.

MlinziWaSeli

Nitajibu la pili. Tazama rezista inayopanga mkondo wa chaja. Ikiwa chipu ya chaja ni TP4056 na rezista ni ya kiloomu 1.2, basi inachaji kwa ampea 1. Hiyo ni chaja ya mstari: betri ikiwa na volti 3.2 na USB ikileta 5, chipu inabeba volti 1.8 kwa ampea moja, yaani wati 1.8 katika kipande kisichofika ukubwa wa ukucha. Tena seli nyingi za miliampea-saa 1200 zinapendelea kuchajiwa kwa mkondo wa nusu ya uwezo wake, yaani miliampea 600. Weka rezista ya kiloomu 2, mkondo utashuka hadi miliampea 580 na joto litapungua karibu kwa nusu. Mwenye seli ndogo ya miliampea-saa 150 au 200 anapaswa kwenda hadi kiloomu 10, ambayo inatoa miliampea 130.

Kuna jambo lingine linalojificha hapo. Katika bodi za aina hii, mzigo umeunganishwa moja kwa moja kwenye betri, sambamba na chaja. Chaja huamua kwamba betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya mkondo uliopangwa, lakini haiwezi kutofautisha mkondo unaoingia kwenye betri na unaoliwa na bodi. Kwa kifaa kinacholala hilo halina madhara. Kwa kifaa kisicholala, mfano kikiwa lango linalopokea redio muda wote kwa miliampea 150, chaja ya miliampea 580 haitafika kamwe kwenye miliampea 58, na seli itashikiliwa kwenye volti 4.2 siku hadi siku, hali inayoizeesha. Dawa ni chipu yenye njia mbili za umeme, mfano bq24074, ambayo hulisha mzigo kutoka USB na kuichaji betri kwa njia tofauti.

Kuhusu baridi, usichaji lithiamu chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Ioni hushindwa kuingia ndani ya grafiti na kujibandika juu yake kama metali, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kutoa umeme kwenye baridi kunaruhusiwa, kuingiza hapana. Chaja yenye pini ya thamista iunganishiwe thamista halisi inayogusa seli. Nimeona bodi nyingi ambamo pini hiyo imefungwa kwenye ardhi ili isisumbue.

Mwisho, msiihesabu saketi ya ulinzi iliyobandikwa kwenye seli kuwa ndiyo usimamizi wa umeme. DW01A, chipu ya ulinzi huo, hukata kwenye volti 2.4, na ukifika huko seli imeshaumia. Programu yenyewe ipunguze kutuma kwenye volti 3.5 na inyamaze kabisa kwenye 3.3.

LehemuBaridi

Nami nijibu la kwanza: usihame. Hongera kwa kipimo cha kapasita, ni njia safi na haidai chombo cha gharama. Ila sasa tazama upande ambao hujautazama. Kifaa chako kwa wastani, ukiongeza redio, kinatumia maikroampea 11. Saketi ya ulinzi ya seli inatumia kama 3, nayo haionekani kwenye mita yako kwa sababu imo ndani ya kifurushi cha betri. Halafu kuna betri yenyewe. Seli ya lithiamu ioni hupoteza asilimia 1 hadi 2 ya chaji kwa mwezi ikiwa imekaa tu. Chukua asilimia 1.5 ya 1200, ni miliampea-saa 18 kwa mwezi wa saa 730, sawa na mkondo wa maikroampea 25 usiozimika.

Kwa maneno mengine, betri yako sasa inajila yenyewe kwa kasi zaidi ya mara mbili ya unavyoila. Jumla ni maikroampea 39, na ukitumia asilimia 90 ya uwezo unapata saa 27,700, miaka mitatu na kidogo. Ukiokoa maikroampea 1.2 kwenye regulata, utaongeza mwezi mmoja hivi. Hii ndiyo sababu pia sikukushauri uweke chipu ya kukadiria asilimia ya chaji kama MAX17048. Ni chipu nzuri, lakini ikiwa katika kazi yake ya kawaida hutumia maikroampea 23, mara mbili ya kifaa kinachopimwa.

NusuVolti

Nimekubali kuhusu regulata. Lakini basi kwa nini asiachane na betri ya kuchaji? Seli za lithiamu thionili kloridi hupoteza takribani asilimia 1 kwa mwaka mzima, zina volti 3.6 zisizoyumba hadi karibu na mwisho, na chaja yote inaondoka kwenye bodi.

LehemuBaridi

Hapo ninakuunga mkono, na hapo ndipo regulata ya nanoampea ingeanza kuwa na maana. Ila seli hiyo ina tabia yake. Ikikaa bila kutumika, utando mwembamba hujijenga juu ya lithiamu. Utando huo ndio unaoilinda isijile, na ndio huo huo unaoizuia kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla. Redio ikiamka baada ya mapumziko marefu, volteji huzama kabla haijapanda. Hivyo ni lazima kuwe na akiba pembeni.

Piga hesabu ya akiba hiyo kabla ya kununua. Kutuma kwa LoRa ni miliampea 40 kwa milisekunde 60, yaani milikulombi 2.4. Ukiruhusu volteji ishuke kwa volti 0.3, unahitaji maikrofaradi 8,000. Kapasita ya kauri ya maikrofaradi 100 ambayo watu huiweka kwa mazoea haitoshi hata kidogo, tena ikiwekewa volti 3.3 huenda ikabakiwa na nusu ya kilichoandikwa au pungufu. Mazoea hayo yametoka kwenye Bluetooth, ambako mpigo wa miliampea 8 kwa milisekunde 3 ni maikrokulombi 24, na ukiruhusu kushuka kwa volti 0.2 zinatosha maikrofaradi 120. Kwa LoRa tafuta kapasita ya kusudi hilo, na upime uvujaji wake kama ulivyopima ile ya 1000, kwa sababu kapasita kubwa inayovuja maikroampea 10 inakurudisha ulikotoka.

MkondoMdogo

Nimeelewa, na ninawashukuru nyote. Bodi hii nitaiacha na lithiamu ya kuchaji, rezista ya chaja nimeshaibadilisha kuwa kiloomu 2 na sasa chipu inashikika kwa kidole. Nimeanza kuchora bodi ya pili: MCP1700, chipu ya USB inayopata umeme kutoka USB peke yake, rezista za I2C bila transista yoyote, na pini mbili zenye kifuniko kati ya betri na regulata ili nipime mkondo bila kukata waya. Taa nimeirudisha, lakini iko upande wa USB.

PiniYaPembeni

Kifuniko cha hizo pini mbili kiweke karibu na ukingo wa bodi, na pembeni yake acha nafasi ya kulehemu kapasita kwa upande wa regulata. Ukivuta kifuniko ili uchomeke mita, kapasita hiyo itaishikilia bodi kwa muda huo mfupi, na kifaa hakitajiwasha upya mkononi mwako.

MkondoMdogo

Nimeiongeza kwenye mchoro, maikrofaradi 100. Kwa maikroampea 7 na nafasi ya volti 0.3 inanipa sekunde 4. Nitajizoeza kuwa na mkono mwepesi.